Tajiri akija kutaka timu yenu, maswali ya kumuuliza kabla hamjampigia makofi

Wadau wa soka wa Mwanza na kanda ya ziwa yote, naandika hii kwa sababu kila timu ya huku ikianza kuyumba vijiweni utasikia neno moja tu, tutafute tajiri, tutafute tajiri, alafu tajiri akipatikana watu wanashangilia na hakuna anayeomba kuona hata karatasi moja, siku jamaa akiondoka ndo tunaanza kuulizana hivi kwani tulisaini nini. Hapa naweka namna ya kufanya ukiwa shabiki au mwanachama wa kawaida tu, huna cheo, hujasoma sheria, ila timu unaipenda na hutaki uje kuitafuta siku moja usiione.

Niseme wazi kwanza, mimi sipingi watu wenye hela kuingia kwenye mpira. Ligi Kuu ya sasa bila mkwanja huiwezi, kuna kambi, mishahara, posho, kocha, daktari, na timu ya Mwanza ikipangiwa mechi Ruangwa kule Lindi ni kuvuka nchi nzima. Tumeona wenyewe. Mbao FC ilifika fainali ya kombe la FA 2017 ikafungwa na Simba 2-1 pale Dodoma, miaka mitatu baadae, 2020, ikashuka daraja msimu mmoja na Alliance. Pamba iliyokuwa bingwa wa Tanzania 1990 ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 mpaka ikarudi 2024. Kwahiyo hii njaa ya mwekezaji naielewa vizuri sana. Ila hela ya tajiri inakuja na inaondoka, wakati jina la timu, rangi, mji wake na kura ya mwanachama vikishatoka mkononi kuvirudisha ni shughuli, kwahiyo hivyo ndo vifungwe kwanza kwa maandishi, hela mtaijadili baadae.

Jua timu ni ya nani kwenye makaratasi

Watu wengi wanasema "timu yetu" na hawajui kisheria ni ya nani. Huku kwetu kuna timu za wanachama, kuna za halmashauri kama Pamba Jiji ambayo ni ya Jiji la Mwanza na Geita Gold pale jirani, kuna za kampuni kama Kagera Sugar, na kuna za mtu mmoja. Kila aina ina mlango wake wa kugonga. Kama ni ya wanachama, omba katiba, na isiwe ile ya kusomewa kwenye simu na katibu, omba nakala iliyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, maana kuna klabu zinatembea na katiba mbili, ya kabatini na ya kwa msajili, na inayohesabika ni ya kwa msajili. Kama ni kampuni, ingia kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni, wale wakala wa serikali wanaosajili makampuni, unalipia kidogo unapata taarifa za kampuni, wakurugenzi ni nani na hisa zimegawanywaje. Na kama ni ya halmashauri mtu wako ni diwani, mbane huyo huyo, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda kakae usikilize timu imetengewa nini na nani anataka kuichukua.

Alafu angalia timu ina mali gani. Hili huku kwetu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu CCM Kirumba ni ya chama na Nyamagana ni ya jiji, timu nyingi hazina hata uwanja wa mazoezi wa kwao. Sasa jiulize huyo tajiri anakuja kununua nini hasa? Ananunua nafasi kwenye ligi, jina, na nyie mnaojaa jukwaani. Basi. Kwahiyo msiingie kwenye mazungumzo mmeinama kama ombaomba, nyie ndo bidhaa yenyewe.

Hela yake inaingia kama nini

Hapa ndo penye kazi kubwa, mkishindwa mengine yote hili moja msilikubali mpaka lijibiwe. Mtu akisema "naweka bilioni kadhaa" hiyo sentensi bado haijakwambia kitu. Inaweza kuwa zawadi, inaweza kuwa udhamini ambao ukiisha umeisha, inaweza kuwa hisa kwamba hela inabaki ndani na yeye anamiliki sehemu, au inaweza kuwa mkopo, timu inadaiwa na yeye mwenyewe ndo mwenye timu. Hii ya mwisho sisi watu wa ziwani tunaijua bila kufundishwa, ni tajiri anayempa mvuvi mashine na nyavu, mvuvi anafurahi ana mtumbwi, baadae anagundua kila sangara anayetoka majini ana mwenyewe tayari na bei anapanga huyo huyo, na deni haliishi.

Angalia Manchester United, na najua hapa Mwanza wapo wengi wa kuumia na hii. Familia ya Glazer ilichukua klabu 2005 kwa pauni kama milioni 790, sehemu kubwa ya hiyo hela ilikuwa ya kukopa na deni likabebeshwa klabu yenyewe ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Yaani timu ikageuka inalipa riba ya hela iliyotumika kuinunua. Mashabiki wengine walichukia mpaka wakaenda kuanzisha timu yao mwaka huo huo, FC United of Manchester. Sasa linganisha na Leicester, marehemu Vichai Srivaddhanaprabha aliingia 2010, naye alikopesha klabu, ila 2013 aligeuza mkopo wa zaidi ya pauni milioni 100 kuwa hisa, maana yake deni likafutika, na 2016 wakachukua ubingwa wa Uingereza. Wote wawili ni matajiri wa kutoka nje, tofauti iko kwenye aina ya hela. Ndo maana mimi nikisikia mtu anauliza "jamaa ana hela kiasi gani?" naona kauliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Kwahiyo swali mnaliandika hivi hivi kwenye barua: hii hela inaingia kama zawadi, udhamini, hisa au mkopo, inaingia kwenye akaunti ipi ya klabu, inaingia yote au kwa awamu na tarehe zipi, kama ni mkopo riba ni ngapi na dhamana ni nini, na tukiachana inarudi au hairudi. Akisema itaingia kidogo kidogo kupitia usajili na mishahara mwambie sawa ila kila shilingi iandikwe mahali na wanachama waone. Simba walipoingia kwenye mabadiliko 2017, Mohammed Dewji akapata asilimia 49 kwa bilioni 20 na wanachama wakabaki na 51, ule mjadala wa bilioni 20 ziko wapi na zimewekwaje uliendelea miaka, uligawa watu, redioni, vijiweni, kila mahali, na yote hayo yangepungua sana kama tangu siku ya kwanza kila mwanachama angekuwa na ratiba ya malipo mkononi.

Hiyo 51 kwa 49 nayo muijue, kanuni zilishaweka kwamba klabu iliyoanzishwa na wanachama lazima wanachama wabaki na asilimia 51 na uwekezaji uishie 49. Kwahiyo mtu akija na hesabu nyingine kwenye klabu ya wanachama msibishane nae sana, mpelekeni BMT. Na hata ikiwa 51 msilale, uliza hizo 51 nani anazipigia kura kwenye bodi, maana unaweza kuwa na asilimia 51 kwenye karatasi alafu bodi ikawa na wajumbe wengi wa upande wake na mwenye kusaini hundi ni mtu wake. Wajerumani wana sheria yao ya 50+1, wanachama lazima wawe na kura nyingi kwenye klabu, na mashabiki wao wanailinda kwa wivu kweli kweli.

Akiondoka kesho asubuhi timu inaishije

Swali hili watu wanaona kama uchuro kuuliza, mgeni ndo kwanza anaingia wewe unaongelea kuondoka kwake. Uliza tu. Yanga chini ya Yusuf Manji walikula maisha, makombe, usajili, alipojiuzulu 2017 timu kubwa namna ile yenye mamilioni ya mashabiki ikafika mahali pa kutembeza bakuli ili wachezaji wale na wasafiri. Yanga walipona kwa sababu ni Yanga, nyuma yao kuna nchi nzima. Je ya kwetu? Gwambina ya pale Misungwi ilikuwa ya mtu mmoja mwenye uwezo, ikajengewa mpaka uwanja wake, ikapanda Ligi Kuu 2020, ikashuka 2021, na leo ukitaja hilo jina kwa mtoto wa darasa la saba anakushangaa. Huko Urusi Anzhi Makhachkala walipata bilionea 2011, wakamleta Samuel Eto'o, 2013 jamaa akabadili mawazo wakauza karibu kikosi kizima kwa wiki chache, na 2022 klabu ikafa.

Na mara nyingine hataki hata kuondoka, anaondolewa. Chelsea, Machi 2022, mmiliki wao Roman Abramovich aliwekewa vikwazo na serikali ya Uingereza kwa sababu ya vita ya Ukraine, ghafla klabu ikawa inaishi kwa leseni maalum, hairuhusiwi kuuza tiketi mpya wala kusajili wala kuongeza mikataba, na ilikuwa inadaiwa na yeye kama pauni bilioni 1.5 ambazo bahati nzuri alisema hazidai. Walibebwa na neno la mtu. Nyie msikubali kubebwa na neno la mtu.

Kwahiyo kwenye mkataba mnataka vitu vya kushikika. Notisi ya kuondoka, mimi napendekeza isipungue msimu mzima. Hela ya mishahara ya miezi kadhaa iwekwe kwenye akaunti ambayo hawezi kuigusa peke yake. Wachezaji wasajiliwe kwa jina la klabu na mikataba ibaki klabuni, isiwe ya kampuni yake, maana nimeshaona watu wanasema "wachezaji ni wa bosi", hapana, wawe wa klabu. Na mapato ambayo hayatoki mfukoni kwake, yaani viingilio, jezi, mgao wa haki za matangazo ya TV na udhamini wa ligi, yajulikane yanaingia wapi. Mkataba wa Azam Media na TFF, shirikisho letu la soka, wa 2021 ni wa miaka 10 na thamani yake ni bilioni 225.6, klabu za Ligi Kuu zina fungu lao humo, sasa kama fungu hilo linaenda kwenye akaunti ya kampuni ya tajiri alafu anawaambia anawalisha, mnalishwa na chakula chenu wenyewe. Pia muulize madeni ya wachezaji na makocha yatakuwa ya nani akitoka, kwa sababu FIFA ikifungia usajili inafungia klabu, yeye anakuwa ameshaenda kufanya biashara nyingine.

Vitu ambavyo haviwekwi mezani

Jina, rangi, nembo, mji. Andikeni kwenye katiba, na sio kwenye mkataba peke yake, kwamba kimojawapo hakibadiliki bila theluthi mbili au robo tatu ya wanachama kwenye mkutano mkuu maalum ulioitishwa kwa ajili ya jambo hilo tu. Cardiff City walikuwa wanavaa bluu tangu enzi za mababu, mmiliki wao Vincent Tan akaja 2012 akawavalisha nyekundu, mashabiki wamehangaika mpaka Januari 2015 ndo bluu ikarudi. Wimbledon mbaya zaidi, timu ilihamishwa London ikapelekwa Milton Keynes 2003, mashabiki walikuwa wameshaanzisha AFC Wimbledon 2002 wakaanza upya kabisa chini huko. Na hapa Tanzania tusijifanye hayatuhusu, Ihefu ilikuwa ya Mbarali mkoani Mbeya, 2024 ikahamia Singida ikawa Singida Black Stars, na Singida Fountain Gate nao tuliwaona wakija kuchezea hapa hapa Kirumba kabla hawajaenda zao Babati. Yule mzee wa Mbarali aliyekuwa anaamka asubuhi kuwahi mechi, siku timu inaondoka nani alimuuliza? Mimi hilo linaniuma kwa dhati.

Kuna njia moja ya Chelsea ambayo naipenda sana na naona hata sisi tunaweza kujifunza. Mwaka 1993 ilianzishwa Chelsea Pitch Owners, mashabiki wakanunua hisa ndogo ndogo, na kampuni hiyo ndo inamiliki ardhi ya uwanja wa Stamford Bridge pamoja na haki ya jina la klabu. 2011 klabu ya Abramovich ilitaka kuinunua ile ardhi, zilihitajika kura asilimia 75, zikapatikana kama 61, ikagoma. Bilionea wa kiwango kile aligonga mwamba kwa watu wenye hisa za kawaida. Sisi uwanja hatuna, sawa, lakini jina na nembo vinasajiliwa kama alama ya biashara BRELA, basi visajiliwe kwa jina la chama cha wanachama na klabu ipewe ruhusa ya kuvitumia. Tajiri akitaka kuhama ahame na viatu.

Kitu kingine kiulizwe hapo hapo, huyu bwana ana timu nyingine, au anadhamini timu nyingine kwenye ligi hiyo hiyo? Crystal Palace walichukua kombe la FA 2025, wakafurahi wanaenda Europa League, UEFA wakawashusha Conference League kwa sababu John Textor alikuwa na hisa kwao na huku ana Lyon iliyofuzu Europa League hiyo hiyo. Kosa halikuwa la mchezaji wala shabiki. Na kwetu mtu mmoja akishika timu mbili tatu, mechi ya mwisho wa msimu mmoja anahitaji pointi mwingine hahitaji, hata kama watacheza kwa haki nani ataamini?

Siku ya mkutano

Mambo mengi yanaharibika hapa ndani ya masaa mawili. Rasimu ya mkataba na ya katiba mpya mzipate mapema, wiki tatu kabla ndo inafaa, na kama mnaletewa siku hiyo hiyo mlangoni simama uombe mkutano uahirishwe, sema kwa heshima, "mwenyekiti, hatujasoma, tunaomba muda". Hoja ya kuuza timu isiingizwe kwenye mengineyo. Daftari la wanachama likaguliwe, angalia waliosajiliwa wiki ya mwisho ni wangapi na kadi zao zimelipiwa na nani, hizi kadi za kununuliwa kwa pamoja ni mchezo wa zamani. Kura iwe ya karatasi, ya siri, kunyosha mikono mbele ya bosi aliyewaletea mabasi na fulana watu wanaogopa, na sio aibu, ni ubinadamu. Tafuteni wakili wenu, asiwe wa kwake, changeni, mkiwa watu mia hela yake haiwashindi. Mkumbuke Yanga 2016, wanachama walikubali mkutanoni timu na nembo zikodishwe miaka 10, ni BMT ndo walioweka mguu, sio mkutano.

Portsmouth walivyofanya ni vizuri. Walipitia mikononi mwa wamiliki wa ajabu mpaka wakaanguka, mashabiki wakajichanga wakainunua wenyewe 2013, na Michael Eisner alipoitaka 2017 ilibidi asimame mbele ya wenye hisa, ajieleze, aulizwe, ndo wakapiga kura ya kumkubali. Bilionea aliyefanyiwa usaili na mashabiki. Inawezekana.

Na jamani, mkimpinga mtu mpingeni kwa mkataba wake na hesabu zake. Mambo ya asili yake, rangi yake, dini yake, mara Mhindi mara Mwarabu mara Mchagga, hayo muyafukuze kwenye kikao chenu mara moja, ni ubaya na pia yanawapa sababu ya kutowasikiliza kwenye hoja ya msingi.

Ameshasaini, sasa?

Kazi ndo inaanza. Undeni umoja wa mashabiki mmoja wa timu nzima, na sio matawi yanayogombania picha na bosi. Kila mwaka ombeni hesabu zilizokaguliwa, kwa barua, zisomwe mkutano mkuu. Angalieni bei za viingilio, maana bana matumizi huanzia kwa mnyonge, Man U baada ya Jim Ratcliffe kuingia 2024 wafanyakazi mamia walipunguzwa na tiketi zikafika pauni 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee.

Ikibidi kupaza sauti, pazeni kwa adabu na kwa pamoja. Aprili 2021 klabu 12 za Ulaya zilitangaza Super League, ligi yao ya kujitenga, mashabiki wa Uingereza wakatoka barabarani, na timu zote sita za huko zikajitoa ndani ya siku mbili. Ujerumani walirusha mipira ya tenisi uwanjani mechi baada ya mechi, Februari 2024 ligi ikaachana na mpango wa mwekezaji. Hakuna kiti kilichohitaji kung'olewa. Kirumba ikikaa kimya dakika kumi za mwanzo jukwaa zima, kamera ipo, nchi nzima itauliza kuna nini Mwanza.

Mkinyimwa majibu, barua iende kwa uongozi wa klabu kwanza na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, mkikaa siku 30 kimya mwandikieni Msajili wa Vyama vya Michezo, nakala TFF na Afisa Michezo wa mkoa, mkiambatanisha ile nakala yenye muhuri, kifungu cha katiba kilichovunjwa, na orodha ya wanachama waliosaini na namba zao za kadi. Barua ikiwa fupi, ukurasa mmoja, inasomwa.